Bosi wangu ndiye atakayenisimamia fildi: nikubali?

Shikamoo Mwalimu,

Nina miaka 32, nina digrii ya kwanza ya ustawi wa jamii, na nimefanya kazi ya ulinzi wa watoto kwa miaka saba. Nimeolewa, nina mtoto mmoja. Nimepata nafasi ya kusoma uzamili katika vyuo viwili na tarehe ya kuthibitisha inakaribia. Kila nikikaa kuchagua chuo najikuta siwazi chuo, namwaza mtoto mmoja.

Chuo cha kwanza ni miaka miwili, masomo ya kutwa. Fildi, yaani mafunzo ya vitendo, wanaipanga wao, sehemu mbili tofauti, kila mwaka moja. Kazini wamekubali kunipa likizo bila malipo. Mume wangu anasema tutajibana, lakini najua maana ya kujibana miaka miwili mizima. Chuo cha pili ni mwaka mmoja na nusu, masomo mengi ni ya mtandaoni jioni, naendelea kupokea mshahara, na fildi nitaifanyia hapa hapa ofisini. Msimamizi wangu wa fildi atakuwa bosi wangu. Naye ana uzamili, na alipopata habari alifurahi akanipa mkono mbele ya wenzangu. Ni mtu mwema. Ila kwa miaka minne niliyokuwa chini yake hatujawahi kukaa hata nusu saa tukaizungumza kesi moja. Kila Jumatatu ananiuliza swali lilelile: "Ngapi zimefungwa?" Namtajia idadi, anaandika, basi.

Sasa habari ya mtoto. Miaka miwili iliyopita nilipewa kesi ya mvulana wa miaka minane aliyekuwa amewekwa kwa ndugu baada ya majirani kulalamika kwamba anapigwa kwao. Wazazi walihudhuria vikao vyote walivyotakiwa. Nyumba niliitembelea mara tatu. Mara ya tatu nilimkuta mtoto mwenyewe, ameletwa kukaa siku mbili za majaribio. Ilikuwa saa kumi jioni. Alikuwa ameketi kitandani na viatu miguuni, kamba zimefungwa, katika nyumba ambayo watu wote walikuwa peku. Nilimuuliza kama anafurahi kuwa nyumbani, akasema ndiyo. Niliandika kwenye ripoti: "Mtoto ni msafi, amevaa vizuri, ana viatu." Nikapendekeza arudishwe, nikasaini.

Baada ya miezi minne alilazwa hospitali, amevunjwa mkono. Yu hai, yuko salama, anaishi kwingine. Ofisi ilichunguza ikasema nilifuata taratibu zote. Hakuna aliyenilaumu. Viatu vile sikuwa nimeviwaza tena mpaka siku niliyosimama pale wodini.

Tangu hapo, siku nikisaini ripoti silali. Naamka saa nane usiku, naisoma upya kichwani mstari kwa mstari. Naona kuna kitu sikufundishwa, na nataka nikafundishwe ili nisikosee tena. Mama yangu, aliyekuwa muuguzi maisha yake yote, anasema nakimbia. Anasema shahada haimtibu mtu.

Naomba unisaidie mambo mawili. Niende chuo kipi? Na pili, chuo cha kwanza kinataka kila mwanafunzi aandike kurasa mbili kueleza uzoefu wake kazini, ili wajue wampangie fildi ya namna gani. Je, niandike habari za huyu mtoto, au ninyamaze?

Msomaji wako wa siku nyingi

JIBU

Marahaba mwanangu. Nimebadilisha mambo kadhaa katika barua yako ili mtoto yule na watu wake wasitambulike. Viatu nimeviacha kama ulivyoviandika.

Kwa kuwa una tarehe inayokukimbiza, naanza na jibu. Usikubali fildi ya kusimamiwa na bosi wako, si kwa namna ilivyopangwa. Kama nyumba yako inaweza kuhimili, nenda chuo cha kwanza. Kama haiwezi mwaka huu, waulize kama nafasi yako inaweza kushikwa hadi mwaka ujao, au kama masomo yaleyale yanaweza kusomwa kwa muda mrefu zaidi huku ukifanya kazi nusu. Vyuo vingi vina njia hizo, ila havizitangazi kwa sauti. Chuo cha pili nacho hakijafungwa kabisa. Kina masharti, nitayataja.

Sasa nikueleze kwa nini nasema hivyo. Nirudi kwenye kile kitanda.

Nimewasimamia wanafunzi wa fildi kwa miaka ishirini na minne. Kama ungekuwa mwanafunzi wangu, ningekutaka uandike ziara ile kwa mtindo wa zamani: karatasi imegawanywa safu tatu. Ya kwanza ni yaliyosemwa na kufanyika, neno kwa neno kadiri unavyokumbuka. Ya pili ni wewe ulikuwa unawaza na kuhisi nini wakati huohuo. Ya tatu unaiacha wazi, ni yangu. Kwenye safu ya kwanza ungeandika: nilimuuliza kama anafurahi kuwa nyumbani, akasema ndiyo, ameketi kitandani, amevaa viatu. Mimi nisingeandika kwamba umekosea. Ningeandika swali fupi: "Wengine walikuwa wamevaa nini?"

Swali hilo tu. Pengine ungerudi ukasema anavipenda viatu vyake, ni vipya. Inawezekana kabisa, watoto wa miaka minane hulala na viatu vipya. Pengine ungenyamaza, halafu ungesema mtoto alikaa kama mtu anayesubiri kuchukuliwa. Sidai kwamba viatu vilikuwa ushahidi, na wewe usijihukumu kana kwamba vilikuwa. Ninachosema ni kwamba jicho lako liliviona. Uliviona vizuri hata ukaviandika, na mpaka leo unakumbuka kuwa kamba zilikuwa zimefungwa. Kuona hukukosa. Ulikosa mtu wa kukuuliza kabla hujasaini.

Kwa hiyo unaposema kuna kitu hukufundishwa, mimi nadhani kuna kitu hukupewa. Ni saa moja kila wiki, mlango umefungwa, na mtu asiyekuuliza ngapi zimefungwa.

Alfred Kadushin, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu usimamizi katika kazi yetu, aligawa kazi ya msimamizi mafungu matatu: kuhakikisha kazi inakwenda kwa utaratibu, kumfundisha anayesimamiwa, na kumtegemeza asianguke. Bosi wako anafanya fungu la kwanza, tena nina hakika analifanya vizuri. Mafungu mawili yaliyobaki hayafanyi, na hataanza kuyafanya kwa sababu chuo kimemtumia fomu. Simlaumu. Huenda naye hajawahi kufanyiwa, na yuko juu yake mtu anayemuuliza swali lilelile kila mwezi.

Lakini hata angekuwa msimamizi hodari, bado kuna kizuizi. Yeye ndiye anayekuandikia tathmini ya kazi. Ile safu ya pili ya karatasi, ya ulichowaza na kuhisi, utamwandikia nini? Utaandika kwamba siku ile ulikuwa umechoka na ulitaka ripoti ikamilike? Hutaandika, na mimi katika nafasi yako nisingeandika. Safu ya pili isipokuwa ya kweli, fildi inageuka kuwa kazi yako ileile unayoilipia ada.

Nilikuwa na mwanafunzi mmoja, kijana makini, aliyeniletea rekodi ya mazungumzo yake na mzee aliyefiwa na mke. Safu ya kwanza: "Nilimuuliza hali yake, akasema nzuri. Nikaendelea na fomu." Safu ya pili: "Sikuhisi chochote." Nilimwandikia aiandike upya, nitaisoma tena wiki ijayo. Wiki iliyofuata yakaja yaleyale, na mimi nikarudia yaleyale. Wiki ya tatu alikuja na karatasi ile ile ya kwanza, amefuta sentensi yake kwa mstari mmoja wa kalamu, juu yake ameandika: "Nilitaka aseme nzuri ili niondoke." Tulikaa na sentensi hiyo saa nzima. Alithubutu kuiandika kwa sababu mimi sikuwa na uwezo wa kumfukuza kazi. Nilikuwa na uwezo wa kumfelisha, ndiyo, lakini alikwishaona kwamba kwangu mwanafunzi hafeli kwa kusema kweli.

Ubishi wako wa chuo kipi na fildi wapi una umri mkubwa kuliko shahada yenyewe. Mwaka 1897 Mary Richmond, aliyekuwa akifanya kazi za misaada Baltimore, Marekani, alisimama kwenye mkutano mjini Toronto akataka pawe na shule ya kuwafundisha watu kazi hii, maana nia njema peke yake ilikuwa inaumiza familia. Mwaka uliofuata yakaanza mafunzo ya wiki sita mjini New York, na mbegu hiyo leo ni shule ya ustawi wa jamii ya Chuo Kikuu cha Columbia. Amsterdam nao wakafungua shule yao mwaka 1899. Richmond aliamini mtu anajifunza akiwa bega kwa bega na mzoefu, kesi mkononi. Edith Abbott wa Chicago aliona hatari katika hilo: mtu akijifunza kwa mzoefu tu, anarithi mpaka makosa yake. Yeye alitaka chuo kikuu kizima, yaani sheria, uchumi, utafiti, siasa za umaskini. Mwaka 1920 shule aliyokuwa akifundisha ikaingizwa ndani ya Chuo Kikuu cha Chicago, na mwaka 1924 Abbott akawa mkuu wake.

Katikati ya hao wawili, mwaka 1915, Abraham Flexner alialikwa kuhutubia mkutano wa watu wa kazi hii. Ndiye mtu ambaye ripoti yake ilikuwa imebadilisha mafunzo ya udaktari Amerika Kaskazini. Akawaambia wazi kwamba kazi yao bado haijafikia kuitwa taaluma. Maneno yale yaliuma kwa miaka mingi, na nadhani sehemu ya haraka yetu ya kukusanya shahada inatokana na kidonda hicho. Ninakutajia hili kwa sababu nimewaona watu wengi wanakwenda uzamili kutafuta heshima. Wanarudi na heshima, na hilo si jambo dogo, lakini mikono inabaki ileile.

Kilichobaki baada ya ubishi wote huo ni fildi: kazi ya kweli, watu wa kweli, na pembeni jicho la mtu ambaye kazi hiyo si yake. Ndiyo maana vyombo vinavyosimamia mafunzo haya havijakubali kuiachia. Marekani, mwanafunzi wa uzamili anatakiwa afikishe saa zisizopungua 900 za fildi, na wa shahada ya kwanza 400. England, mafunzo ya kuwa mfanyakazi wa ustawi wa jamii yanabeba siku 200 za vitendo. Shirikisho la kimataifa la taaluma yetu na jumuiya ya vyuo vyake walipopitisha viwango vya dunia mwaka 2004, waliiweka fildi miongoni mwa mambo ambayo chuo hakiwezi kuyakwepa. Wewe una miaka saba kazini, na utashawishika kuwaambia wakusamehe saa hizo kwa kuwa umekwisha kufanya maelfu. Masomo ya darasani omba kusamehewa. Vyuo vingine hufupisha kozi kwa mwenye digrii ya kwanza ya fani hii hii, na hiyo ni haki yako ya kuuliza. Fildi usiombe. Kila saa uliyofanya bila kuulizwa kitu haiingii kwenye hesabu hii.

Sasa hapa kuna jambo hutalipenda. Umeandika unataka kufundishwa "ili nisikosee tena". Hakuna chuo kinachofundisha hilo. Chuo kikikuahidi, kikimbie. Utarudisha watoto wengine nyumbani, kwa sababu watoto wengi wanastahili kurudi, na hutajua kwa hakika. Utawazuia wengine waliostahili kurudi, na hao ndio usiowawaza saa nane usiku, ingawa nao wanaumia.

Kinachofundishika ni kitu kingine. Eileen Munro, profesa wa Uingereza, alizipitia ripoti 45 za uchunguzi wa kesi za watoto zilizotolewa kati ya 1973 na 1994, akitafuta jinsi wafanyakazi walivyofikiri. Alichokuta hakikuwa uvivu wala roho mbaya. Watu walishafanya uamuzi, halafu taarifa mpya zikija wakawa wazito kuubadilisha. Niliposoma hilo mara ya kwanza nilifunga karatasi nikatoka nje kutembea, maana niliziona kesi zangu. Wazazi wamehudhuria vikao vyote, moyo wako umekwisha kusema hawa wamebadilika, halafu mtoto ameketi na viatu. Akili iliyokwisha kuamua inaandika "amevaa vizuri".

Kuvunja uamuzi wako mwenyewe ni ufundi, na unafundishika. Unafundishwa kwa mtu mwingine kukuuliza swali dogo wiki baada ya wiki, mpaka siku moja unajiuliza mwenyewe ukiwa bado mlangoni kwa watu. Munro huyohuyo, alipokabidhiwa na serikali kuupitia mfumo wa ulinzi wa watoto wa England, alisema katika ripoti yake ya mwisho ya mwaka 2011 kwamba mfumo umeelemewa na kufuata taratibu hadi kumsahau mtoto mwenyewe. Ofisi yako iliposema ulifuata taratibu zote, ilisema kweli. Naona ndiyo maana haikukufariji.

Kuna kitu kingine kitakachokusaidia kujielewa. Bertha Reynolds, aliyewafundisha wafanyakazi na wasimamizi kwa miaka mingi huko Marekani, alieleza mwaka 1942 kwamba anayejifunza kazi hii hupitia hatua tano. Kwanza anajiwaza mwenyewe tu, anatetemeka. Kisha anaogelea asizame, anaiga wenzake, mambo yanakwenda. Hatua ya tatu anaelewa kinachotokea mbele yake lakini hawezi bado kuyaongoza matendo yake yafuate kile anachokielewa. Ya nne ni umahiri. Ya tano ni kuwafundisha wengine. Hatua ya tatu ndiyo inayotesa kuliko zote, kwa sababu mtu anajiona amerudi nyuma. Zamani alisaini bila shida, sasa mkono mzito. Mimi nikiisoma barua yako naona ulikuwa kwenye hatua ya pili kwa miaka mitano, ukiogelea vizuri, na pale wodini ukasukumwa hatua ya tatu kwa usiku mmoja, bila mtu wa kukushika. Wanafunzi wangu waliofika hapo ndio waliotaka kuacha kazi. Wengi wao walikuwa ndio wazuri.

Nije kwa mama yako. Mheshimu, alichosema nusu yake ni sahihi. Miaka miwili ya kutolala haitatibiwa na darasa. Msimamizi wa fildi pia si mganga wako: akianza kukutibu badala ya kukufundisha ameacha kazi yake, na hilo nimeliona likiharibu wanafunzi. Tafuta mshauri nasaha au mtaalamu wa afya ya akili sasa hivi, kabla hujafungua chuo, umweleze kuhusu usingizi na kuhusu wodi. Muuguzi wa maisha yote ataelewa ukimwambia unafanya yote mawili. Na nadhani anayo siku yake kama hiyo wodini kwake, ambayo hajakusimulia. Muulize.

Ikiwa hesabu za nyumbani zitakataa na chuo cha pili kikabaki peke yake, basi usikichukue kilivyo. Waandikie. Fildi kwa mwajiri wako si haramu, mahali pengi inaruhusiwa, lakini omba iwe kitengo kingine, na watu ambao hujawahi kuwashughulikia: wazee, wagonjwa hospitalini, vijana waliotoka kizuizini, chochote kile. Omba msimamizi mwingine, hata kama anatoka shirika jingine na mnaonana mara moja kwa wiki. Bosi wako abaki kusaini mahudhurio. Omba mkataba wa kujifunza ulioandikwa, wenye saa ya usimamizi iliyotajwa siku na muda. Na idadi ya kesi zako za kawaida ipunguzwe rasmi, kwa barua, si kwa maneno ya korido, maana usipofanya hivyo utafanya kazi mbili na ya kujifunza ndiyo itakayokufa. Wakikataa haya yote, utakuwa umepata jibu lako.

Chuo cha kwanza nacho usikiamini kwa sababu tu ni cha miaka miwili. Kabla ya kuthibitisha wapigie ofisi ya fildi, si ofisi ya udahili. Uliza msimamizi mmoja anachukua wanafunzi wangapi. Uliza mhadhiri anakuja kukuona fildi mara ngapi, na kama anakaa chini au anapita kusaini. Uliza mwanafunzi akigundua kuwa sehemu aliyopangiwa ni mbaya, nini kinatokea, na lini mara ya mwisho walimhamisha mtu. Sikiliza wanajibu haraka kiasi gani. Kisha tafuta wanafunzi wawili wa mwaka wa mwisho, uwaulize swali moja tu: msimamizi wako aliwahi kukuuliza nini ambacho hujakisahau? Wakikosa la kusema, fikiria upya.

Jambo la leseni ni fupi. Hakikisha bodi inayosajili watu wa kazi hii mahali unapotaka kufanyia kazi inakitambua chuo hicho, na ujue kuwa kwingine shahada ni mwanzo tu. Katika majimbo mengi ya Marekani, kwa mfano, anayetaka leseni ya kutoa tiba ya kisaikolojia baada ya uzamili hufanya kazi chini ya usimamizi saa zinazozunguka 3,000 kabla ya kuruhusiwa peke yake. Kwa hiyo hata huko, kusimamiwa hakuishi siku ya mahafali.

Sasa zile kurasa mbili. Andika. Lakini mtoto si hadithi yako ya kutoa. Umri wake, mkono wake, hospitali, ndugu waliomlea, hayo yote ni yake na yalikufikia kwa siri ya kazi. Ya kwako ni saini. Unaweza kuandika hivi, na nakuandikia kwa mfano tu: "Nilishauri mtoto arudishwe nyumbani. Baadaye ilionekana haikuwa salama. Taratibu nilizifuata, na kuna kitu nilikiona nikakiandika bila kujiuliza maana yake. Naomba fildi ambako nitasimamiwa kwa karibu katika kusoma ninachokiona." Sentensi nne. Anayepanga fildi akizisoma na kukuona dhaifu, ni vizuri ujue mapema. Mimi ningezisoma ningekutafutia msimamizi mkali kuliko wote niliokuwa nao, na mpole kuliko wote pia. Mara nyingi ni mtu yuleyule.

Darasani, wenzako watakapoanza kusimulia kesi zao, huna deni la kusimulia yako. Subiri umpate msimamizi, umpime kwa mambo madogo, kisha siku moja mpelekee ile karatasi ya safu tatu. Iandike wiki hii, wakati bado unakumbuka, bila majina. Safu ya kwanza kitanda, viatu, "ndiyo" ya mtoto, na wewe uliuliza kwa sauti gani. Safu ya pili chochote kitakachokuja, hata kama ni aibu. Ya tatu iache wazi. Usinitumie mimi, si mahali pake hapa.

Ukishaongea na ofisi ya fildi, niandikie wamekujibu nini, hasa kuhusu ile saa moja ya wiki na nani ataikaa nawe.